Upande wa Kulia wa Farasi

Mjukuu wangu, ambaye haamini kwamba kuna jambo lolote lililotokea duniani kabla yeye hajanunuliwa simu, alinionyesha juzi picha za watoto walemavu wakipandishwa farasi huko Nairobi. Kila mtoto amevaa kofia ngumu. Mbele yuko mtu anayeshika kamba, kulia mtu, kushoto mtu, na nyuma mtu wa nne ambaye kazi yake sikuielewa. Wamejengewa hata ngazi ya mbao ya kupandia. "Hii ni tiba, nyanya," akaniambia. "Ni kitu kipya." Nikamwambia asogeze simu nione vizuri. Nikaona msichana wa miaka sita au saba, miguu imekakamaa kama yangu ilivyokuwa, ameketi wima na kukenua meno yote. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, jambo lililomshangaza mtoto huyu anayenijua kwa ukali tu.

Nilimwambia kwamba kitu hicho kipya nilipewa mimi katika miaka ya hamsini, na mtu asiyejua kusoma, juu ya gunia. Akacheka akidhani ni hadithi za uzee. Ndipo nikaamua kuandika.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu kati ya Elmenteita na Kariandusi, karibu na machimbo ya udongo mweupe. Upepo ukivuma kutoka huko, vichaka vya leleshwa viligeuka rangi, na mama alilazimika kufua upya nguo alizokwisha kuanika. Mashamba mengine yalikuwa na nyapara, dereva na mpishi wa kujivunia. Letu lilikuwa na hao wote, na pia lilikuwa na baba yangu, ambaye alikuwa saisi. Kazi yake ilikuwa farasi: kuwalisha, kuwasugua, kuwatandika, kuwatembeza na kuwauguza. Walikuwa watano. Nyumbani tulisema lugha yetu, lakini na farasi baba alisema Kiswahili, kwa sababu saisi aliyemtangulia alikuwa amewazoesha hivyo. Jike mmoja mzee, mwekundu, mwenye alama nyeupe usoni, alikuwa na jina la Kizungu ambalo halikukaa mdomoni mwa baba, kwa hiyo alimwita "mama" tu. "Haya, mama. Polepole, mama." Mama yangu wa kunizaa alisema ni ajabu kwamba katika shamba lile farasi anaitwa mama na yeye anaitwa "wewe".

Mimi nilizaliwa baada ya uchungu wa siku mbili, na sikulia mpaka nilipomwagiwa maji. Miguu yangu ilikua imepitana kama makasi, wa kulia ukiwa mbaya kuliko wa kushoto. Wa kushoto ulisikia ukiambiwa. Wa kulia ulikuwa na mambo yake. Nikiwekwa chini bila kuegemezwa, niliinama upande mmoja taratibu mpaka shavu likagusa sakafu. Mama alinibeba mgongoni hadi Nakuru, na daktari akanigeuzageuza, akasema miguu haina ugonjwa, ila kichwa kiliumia wakati wa kuzaliwa na dawa hana. Ulimi nao ulikuwa mzito, neno moja likichukua muda wa maneno matano ya mtu mwingine. Lakini akili ilikuwa nzima, na hasira ilikuwa nzima zaidi. Watu waliosema mbele yangu kwamba sielewi kitu niliwaweka kichwani mmoja mmoja, na baadhi yao nimewazika bila kuwasamehe.

Nilichokitaka kilikuwa shule. Ilikuwa chumba kimoja cha udongo na mabati, karibu na josho la ng'ombe. Mama alipokwenda kuteka maji aliniacha nimeegemea ukuta wake kwa nje, na mimi nikasikiliza. Nilijua kuhesabu mpaka mia kabla sijajua kujikuna mgongo. Nilipotimiza miaka saba, mama alinifunga mgongoni mwezi wa Januari akanipeleka kwa mwalimu.

Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwembamba, ana koti moja, na watoto wamejaa mpaka mlangoni. Aliniketisha kwenye benchi, ubao mrefu usio na pa kuegemea, katikati ya wasichana wawili. Nikaanza kuinama kama kawaida yangu. Wa kwanza akaniegemeza, wa pili akanisukuma, na sote watatu tukaanguka, kibao cha mmoja wao kikavunjika.

"Mama," mwalimu akasema tulipotoka nje, "mimi niko na watoto hamsini na mikono mbili. Huyu akiweza kukaa kwa benchi toka kengele ya asubuhi mpaka kengele ya saa sita, bila kushikwa na mtu, mlete mwaka ujao nitaandika yeye. Lakini mwaka ujao ndio mwisho. Akipita hapo atakuwa mkubwa, na mkaguzi hatakubali aanze na watoto wadogo. Sio mimi nakataa, mama. Ni benchi inakataa."

Mama alinirudisha nyumbani. Jioni alimweleza baba, na baba akaendelea kula. Alipomaliza alinawa, akanitazama kwa jicho ambalo nilikuwa nimeliona akiwatazama nalo farasi wagonjwa.

"Farasi akikakamaa," akasema, "humwachi bandani. Unamtembeza."

"Mtoto wangu si farasi," mama akajibu.

"Najua. Angekuwa farasi angekuwa amepona."

Mama alimrushia kitambaa cha sufuria. Lakini baba hakuwa anatania tu.

Yule jike mwekundu alikuwa farasi wa bwana mwenyewe. Bwana alikuwa mzungu mrefu, mkimya, mwenye goti la kushoto lililoharibiwa na vita vya zamani, na kwa miaka mitatu hakuwa amepanda farasi. Alitembea na fimbo. Hata hivyo hakutaka jike wake auzwe wala apandwe na mtu mwingine. Kazi ya baba ilikuwa kumtembeza kila asubuhi asije akaganda: kutoka bandani, kushuka hadi kwenye birika la maji, kufuata ua wa mpaka, kurudi. Saa nzima. Baba aliona kwamba farasi anatembea saa nzima bila mtu mgongoni, na mimi nakaa saa nzima bila kutembea, na akaona huo ni upotevu.

Mfanyakazi kumpandisha mtoto wake farasi wa bwana lilikuwa kosa la kufukuzwa. Kufukuzwa miaka ile hakukuwa kuhama tu. Ilikuwa miaka ya hatari, ya vipande vya kutambulisha watu, na kafyu na malori ya askari, na mtu asiye na shamba la kumwandika hakuwa na mahali pa kusimama. Baba alilijua hilo. Mama alilijua zaidi, maana ndiye aliyelisema kila usiku mpaka nikasinzia.

Asubuhi ya kwanza tulitoka saa kumi na mbili kamili, kafyu ilipoisha. Baba alitandaza gunia mgongoni mwa jike, akalifunga kwa mkanda. Tandiko hakuthubutu kuligusa. Akaninyanyua. Sasa, farasi hupandwa upande wa kushoto. Hufungwa hatamu kushoto, hutandikwa kushoto, huongozwa mtu akiwa kushoto, na baba alikuwa amefanya hivyo miaka kumi na tano bila kuwaza kwamba kuna upande mwingine. Ili mtu apande kushoto, mguu wa kulia ndio unaovuka juu ya mgongo. Na wangu wa kulia, nimeshasema, ulikuwa na mambo yake. Haukuvuka. Baba aliusukuma, nikapiga kelele, jike akasogea, mimi nikabaki nimening'inia mkononi mwa baba. Akajaribu tena. Akajaribu mara ya tatu, na sasa yeye mwenyewe alikuwa anatokwa na jasho na macho yake yamekuwa mekundu. Aliniketisha kwenye jiwe nyuma ya banda, akachuchumaa mbele yangu.

"Tutapanda kulia," akasema.

Ni jambo dogo ukilisoma. Kwa saisi lilikuwa sawa na kumwambia mpishi achemshe maji kwenye kikapu. Jike mwenyewe hakulikubali. Baba alipomwendea kulia, aligeuka ili kushoto kwake kuwe mbele ya baba, kama alivyofundishwa. Baba akazunguka, naye akageuka. Walizungukana hivyo mpaka nikacheka, na baba akaniambia ninyamaze maana sisaidii kitu.

Kwa siku tisa sikupanda. Nilikaa kwenye jiwe, nimeegemea ukuta, nikimtazama baba akimfundisha upya farasi mzee jambo alilofundishwa utotoni. Siku ya kwanza alisimama kulia kwake tu, akampa kipande cha sukari guru. Siku ya pili akaweka gunia kutoka upande huo. Siku ya nne akalala juu yake kwa tumbo. "Huku, mama. Huku ndiyo kwako sasa." Hakuinua sauti hata mara moja. Mimi alikuwa ananigombeza kwa kumwaga uji, lakini farasi alimwomba. Niliona wivu, na nilimwambia hivyo, kwa muda mrefu ulionichukua kusema. Akanipa mimi pia kipande cha sukari guru.

Siku ya kumi jike alifika kwenye jiwe, akageuka mwenyewe, akasimama na upande wake wa kulia kuelekea kwangu. Baba alinisimamisha juu ya jiwe akinishika kwapani. Mguu wangu wa kushoto, ule unaosikia, ukavuka. Wa kulia ukabaki unaning'inia palepale ulipotaka kuwa, na mimi nikawa juu.

Kitu cha kwanza kilikuwa joto. Mama alikuwa amenikanda mapaja na mafuta ya kondoo kila jioni kwa miaka saba, na hayakulegea. Mgongo wa farasi uliyalegeza kabla hatujafika kwenye birika. Farasi akitembea, kiuno chake kinakwenda kushoto na kulia, na kiuno chako hakina hiari, kinakwenda nacho. Nilihisi mwili wangu ukifanya kitu ambacho nilikuwa nimewaona watu wengine wakifanya: kutembea. Baba alikuwa pembeni yangu, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umeshika gauni langu kiunoni. Niliona ziwa la Elmenteita lote, na ndege heroe wamelizunguka ukingoni, waridi tupu. Niliona juu ya ua. Niliona paa la nyumba yetu na kandambili yangu iliyopotea, imetupwa huko juu na mtoto ambaye nilimjua. Nilikuwa sijawahi kumtazama mtu mzima kutoka juu. Nilipenda sana. Bado napenda.

Siri ilidumu wiki moja. Kwenye bomba la maji wanawake walimwambia mama kwamba binti yake anatembezwa mbele ya watu ametanua miguu juu ya mnyama. Walimwuliza kama hayo ndiyo malezi. Mama alikuwa mtu wa kanisa, mtu wa heshima zake, na neno lile lilimchoma. Asubuhi iliyofuata alikuja nyuma ya banda, leso amejifunga kifuani, uso ameukunja.

"Mkalishe upande mmoja," akamwambia baba. "Memsahibu wa zamani walikuwa wanakaa upande."

Baba alijaribu kwa sababu hakutaka kugombana. Akaniweka miguu yote upande mmoja. Farasi alipiga hatua nne, nami nikateleza kichwa mbele, baba akanidaka kwa mkono mmoja huku mguu wa jike ukikanyaga pale ambapo kichwa changu kingekuwa. Mama aliona. Hakusema tena habari ya upande. Lakini tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi, akanivuta gauni kufunika magoti, kisha akageuza uso pembeni mpaka tulipoondoka. Kuona hivyo kuliniuma kuliko maneno ya bombani. Alikuwa anataka nipone, na alikuwa anaona haya, vyote viwili kwa wakati mmoja, na mimi nilikuwa mdogo, niliona kimoja tu.

Miezi ikaenda. Mvua ndefu ziliponyesha baba aliniachia gauni akashika pindo tu. Zilipoisha akaachia hata pindo. Alileta gogo nyumbani, akaliweka mlangoni, na mimi nikawa nalikalia jioni kama nilivyomkalia farasi, mguu huku na mguu huku, nikichambua maharagwe. Nilikaa mpaka giza bila kuinama. Baba alipita akanitazama, akapita tena, kama mtu aliyejenga ghala. Mama alihesabu miezi iliyobaki kufika Januari.

Jumapili moja mwezi wa Agosti bwana alipata wageni. Baada ya chakula aliwaleta bandani, akataka apigwe picha na jike wake. Baba alimtoa. Bwana, kwa mazoea ya maisha yake yote, alimwendea kushoto. Jike akageuka akampa kulia. Bwana akazunguka, jike akageuka. Wageni wakaanza kucheka. Bwana akamshika hatamu, akampanga sawasawa, akarudi nyuma hatua mbili ili picha ipigwe, na yule jike mzee wa watu, kwa utii, akatembea moja kwa moja hadi kwenye jiwe, akasimama amelielekezea upande wake wa kulia, akangoja.

"Nani naharibu farasi yangu?" bwana akauliza.

Baba alikuja kutuambia baadaye kwamba aliwaza kusema jike ameanza kupofuka jicho. Lakini alikuwa amemfundisha kazi nzuri, akashindwa kumsingizia ugonjwa. "Ni mimi, Bwana," akasema. "Mtoto yangu, mguu yake ya kulia haiwezi kupanda."

Bwana hakuelewa. Akasema mtoto aletwe. Mama alinileta bandani, akanikabidhi kwa baba, nami nikawatazama wale watu wote na viatu vyao. Nilikuwa na hofu kwamba tunafukuzwa, na hofu kwangu siku zote hugeuka hasira. Nikasema. Neno la kwanza lilichelewa sana mpaka wageni wakaacha kucheka.

"Farasi... haja... haribika."

Bwana alinitazama. Akamtazama jike kwenye jiwe. Kisha akatazama chini, kwenye goti lake la kushoto, ambalo kwa miaka mitatu lilikuwa limekataa kumbeba ainuke kwenye kikuku, kile chuma cha tandiko kinachokanyagwa. Akaamuru tandiko. Akampa baba fimbo, akapanda jiwe, akaweka mguu wa kulia kwenye kikuku cha kulia, akavusha ule mbovu. Akawa juu. Alikaa pale bila kwenda popote, na wageni wakapiga makofi.

Watu nikiwasimulia hapa hutaka niseme mzungu alikuwa mwema. Sisemi. Alikuwa na goti.

Kwa maana asubuhi iliyofuata alikuja bandani saa kumi na mbili, saa yangu, akapanda jike kulia, akaenda zake. Na iliyofuata. Na iliyofuata. Hakutufukuza, na kwa hilo mama alipiga magoti. Lakini kuhusu mimi hakusema lolote, kwa sababu hakuniwaza. Siku kumi na moja nililala kitandani nikisikia kwato zikipita. Mapaja yakaanza kukaza tena. Siku ya saba magoti yaligusana usiku, na asubuhi mama hakuweza kuyaachanisha bila mimi kulia. Nilimchukia yule mtu kwa moyo wote. Nilimchukia na farasi pia, kwa kumkubali.

Baba hakwenda kumlalamikia bwana. Ila alibadilisha kazi yake kidogo tu. Siku ya kumi na mbili alimpa jike shayiri nyingi kuliko kawaida, na hakumtembeza hata hatua moja kabla ya bwana kuja. Jike alitoka bandani akirukaruka kama ndama, uzee wote umemtoka. Alifika kwenye jiwe akicheza, na bwana alipokuwa mguu mmoja ndani, mmoja hewani, jike akapiga mateke mawili ya furaha. Bwana aliishia kukumbatia shingo.

"Hii ni nini?" akafoka.

"Bwana," baba akasema kwa adabu zote, "farasi mzee akitoka banda, mgongo iko ngumu. Lazima atembezwe kwanza saa moja, na mzigo mwepesi juu. Ndio mgongo inalegea, ndio anafaa mtu mwenye goti."

"Mzigo gani?"

"Mwepesi tu. Ya kupumua. Kama mtoto."

Bwana aliachia shingo ya jike. Mimi tangu hapo nimewauliza watu wanaojua farasi, nao husema kwamba baba alisema nusu ya kweli. Nadhani bwana alijua ni nusu ipi. Akashuka kwenye jiwe, akachukua fimbo yake.

"Basi leta mzigo," akasema. "Mimi nakuja saa moja."

Mama alikasirika kwamba binti yake ameitwa mzigo. Mimi nilikuwa na fahari. Watu wengi walikuwa wamewahi kuniita mzigo, lakini huu ulikuwa na kazi.

Januari mama alinifunga tena mgongoni akanipeleka shuleni. Baba hakuweza kuacha farasi. Mwalimu alitukumbuka. Aliniketisha mwishoni mwa benchi, miguu mbele, magoti pamoja, kama wasichana wote, akarudi ubaoni. Kengele, kipande cha reli kilichotundikwa mtini, ikalia.

Na hapo ndipo nilipogundua kosa letu. Mwaka mzima nilikuwa nimefundishwa kukaa, lakini nilikuwa nimefundishwa kukaa juu ya farasi. Juu ya gogo vilevile. Hakuna mtu aliyewaza kwamba benchi ni kitu kingine, baba kwa sababu kwake kukaa kulikuwa kukaa, na mama kwa sababu alikuwa amegeuza uso. Magoti yalipowekwa pamoja, yakakumbuka zamani. Yakakaza. Nikahisi ule mwinamo wangu wa siku zote unaanza, polepole, kuelekea sakafuni. Nikashika ubao kwa mikono miwili. Msichana wa pembeni akasogea mbali.

Sikufikiri. Niliuvusha mguu wangu wa kushoto juu ya benchi, nikalikalia kama farasi, uso kuelekea dirishani, shingo nimeigeuza kwa mwalimu. Mgongo ukasimama wenyewe.

Darasa lilicheka mpaka vumbi likatoka kwenye mabati. Mwalimu akageuka.

"Hapana," akasema. "Hapana. Msichana hakai hivyo kwa shule yangu." Akamwita mama, ambaye alikuwa bado amesimama mlangoni. "Mama, mrudishe. Mfundishe kukaa kama wasichana, halafu..." Hakumaliza, kwa sababu sote tulijua kwamba halafu haikuwepo.

Nilimtazama mama. Nilijua angesema nini, maana ndilo aliloambiwa bombani mwaka mzima. Nilianza kujitayarisha kufungwa mgongoni.

Mama aliingia darasani. Wazazi hawakuwa wakiingia. Alipita katikati ya watoto hadi nilipokuwa, akafungua leso yake kiunoni, akabaki na gauni la kazi lililochakaa na kupauka, ambalo sijui kama mtu yeyote nje ya nyumba yetu alikuwa amewahi kuliona. Akanifunga leso ile kiunoni, akaitandaza pande zote mbili za benchi mpaka ikagusa sakafu. Miguu yangu haikuonekana tena. Alipiga pindo moja akalinyoosha vizuri, kama anatandika meza ya kanisani.

"Mwalimu, ulisema akae mpaka kengele," akasema. "Hukusema akae namna gani. Hii haya ilikuwa yangu, na leo nimemaliza nayo. Wewe fundisha."

Akatoka. Alikaa chini ya ukuta kwa nje, mahali ambapo alikuwa akiniacha mimi, bila leso, mbele ya wanawake wote waliopita kwenda kuteka maji, tangu kengele ya asubuhi mpaka kengele ya saa sita. Nilimwona kupitia dirishani kila nilipogeuza shingo. Kila aliyepita alimsalimu, naye akaitikia.

Kengele ilipolia watoto walikimbia nje. Mimi nilibaki, nimeketi. Mwalimu alikuja na rejista, akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akachovya kalamu kwenye wino na kuniuliza jina langu. Jina langu si fupi, na siku ile ulimi ulikuwa umechoka kuliko mgongo. Nilianza, nikakwama, nikaanza tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni na angeweza kunitajia, lakini hakunitajia. Wino ulikauka kwenye ncha ya kalamu. Mwalimu akaichovya tena, akangoja.